Mtoto Asiyehesabiwa Hana Fungu
(Maneno ya Kamati ya Elimu katika mkutano mkuu wa mwaka wa umoja wetu)



Tumepewa dakika chache, nasi tunaanza na kosa letu. Fedha mlizotoa kwa ajili ya watoto wenye ulemavu tulizinunulia viti mwendo. Tuliona tumechelewa, tukanunua haraka, tukapiga picha, tukavipandisha mlimani. Baada ya miezi michache tulikwenda kuvitazama. Kimoja kilikuwa kimepangiwa magunia ya maharage. Kingine kilikuwa ndani. Mtoto anakikalia, lakini hatoki nacho nje. Mama yake hakutulaumu. Alituonyesha tu njia ya kwenda shuleni: ngazi za udongo, mteremko, kijito, kisha mlima tena. Sote tumezaliwa huko na njia hizo tumezipita. Lakini tulinunua kama wageni.

Kosa hasa ni kwamba hatukumuuliza mtu. Tulidhani serikali haifanyi kitu, na sisi ndio wa kuanza. Tulipokwenda kuuliza tukakuta mambo mengi yapo, ila hayajaunganishwa na watoto wetu.

Zamani mtoto asiyeona alipelekwa mbali, kama Buigiri kule Dodoma, shule iliyoanza mwaka 1950. Kiziwi alipelekwa Tabora. Wengi hawakwenda popote. Leo mambo ni tofauti. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma pamoja na wenzake. Ada ya shule ya msingi haidaiwi tena. Vipo vitengo vya elimu maalumu ndani ya shule za kawaida, na wapo walimu waliosomea kazi hiyo, wengi wao katika Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha. Mishahara yao inalipwa na serikali. Na halmashauri ina afisa anayeshughulikia elimu maalumu.

Sasa tatizo liko wapi? Liko kwenye hesabu. Fedha za uendeshaji wa shule hutumwa kwa idadi ya wanafunzi walioandikishwa. Vifaa navyo huombwa kwa orodha ya watoto waliopimwa na kujulikana wanahitaji nini: huyu nukta nundu, huyu lugha ya alama, huyu miwani tu. Mtoto aliyefichwa ndani hayumo katika orodha yoyote. Mtoto asiyehesabiwa hana fungu. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa katika kila Watanzania mia moja wenye umri wa miaka 7 na kuendelea, kumi na moja hivi wana ulemavu wa aina fulani. Kila mmoja wetu akifikiria kijiji chake, ajiulize: hao wako wapi shuleni kwetu?

Upimaji ndio mlango. Mtoto anayeitwa mzito wa kichwa huenda haoni ubao tu. Anayeitwa mkaidi huenda hasikii. Lakini ili apimwe ni lazima ashuke, na kushuka kutoka Kolero au Nyandira ni nauli ya mtoto na mzazi, chakula cha njiani, pengine na malazi, na siku mbili za shamba zimepotea. Mama akipiga hesabu hiyo anaona heri abaki. Hatuwezi kumlaumu.

Liko jambo la pili. Mlima wetu ni mmoja lakini ofisi ni zaidi ya moja. Watu wa Matombo, Kinole na Kolero wako Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro. Watu wa Mgeta wako Mvomero. Mjini ni Manispaa. Kitengo kinachomfaa mtoto kinaweza kuwa upande wa pili wa mpaka, na mzazi hajui aanzie meza ipi. Hapo ndipo umoja wetu unaweza kusaidia, maana sisi tunatoka pande zote.

Kwa hiyo mwaka huu hatuombi fedha za kununua kitu cha kupigia picha. Tunaomba fedha za mambo matatu.

Kwanza, siku za upimaji huku juu. Badala ya watoto ishirini kushuka, wapimaji wapande. Tutalipia usafiri wao na chakula cha watoto na wazazi siku hiyo. Tarehe na mahali vitapangwa na maafisa wa halmashauri, si na sisi.

Pili, vifaa vidogo ambavyo vikikosekana mtoto anakaa darasani bure: karatasi za nukta nundu, fimbo nyeupe, betri za shimesikio, mafuta na kofia za kuwakinga jua watoto wenye ualbino. Tutanunua kile tu alichoandika mwalimu wa kitengo na kuthibitishwa na afisa wake, ili tusinunue ambacho serikali imekwisha kuleta.

Tatu, nauli ya mwalimu wa elimu maalumu kutembelea shule zisizo na kitengo. Mtoto mwenye uoni hafifu hahitaji kuhama kwao. Anahitaji kukaa mbele, na mwalimu wake aonyeshwe namna ya kumfundisha.

Hesabu ya kila shilingi itabandikwa na kusomwa hapa mwakani, pamoja na makosa kama yatakuwepo.

Liko jambo moja lisilohitaji fedha. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na neno la mjomba lina uzito. Mjumbe wa serikali akibisha hodi, mtoto anaweza kufichwa. Mjomba hafichwi. Basi wajomba mlioko mijini, wiki hii pigeni simu kwa dada zenu. Msiulize tu mvua na migomba. Muulizeni: yuko mtoto wa nyumba yetu asiyekwenda shule? Anaitwa nani? Ana umri gani? Jina hilo mtuletee, nasi tutalifikisha kwa mwalimu mkuu na kwa afisa. Shangazi nao wafanye hivyo kwa kaka zao.

Wazee walisema hujafa hujaumbika. Hatuwasaidii watoto wa wengine. Ni wetu, na kesho yaweza kuwa ni sisi.

Fomu ya ahadi iko mwisho wa kijitabu hiki. Tumeacha nafasi ya kuandika kiasi, na chini yake nafasi ya kuandika jina la mtoto. Tunaomba mjaze zote mbili.