Deni Letu kwa Jirani

(Hotuba iliyotolewa Kampala katika siku ya pili ya maadhimisho ya ushirika wetu)

 

 Nimeambiwa niseme kwa Kiswahili ili wote tusikie pamoja. Sisi wa Kampala Kiswahili tumekijifunza ukubwani, kwa hiyo kikichechemea mnivumilie. Na mjue kwamba kwa wazazi wetu hapa lugha hii iliogopwa. Waliisikia usiku mlangoni, askari wakigonga. Leo tunaimba nayo sifa. Mungu wetu ni wa ajabu.

Kamati ilinipa somo hili: "Kanisa na jirani wa dini nyingine." Najua wengine mmeshtuka mlipoliona kwenye ratiba. Mmejiuliza, huyu mwinjilisti ameanza kupoa? Sijapoa. Yesu ni njia, na nitalihubiri hilo mpaka kaburini. Lakini leo sikuja kuhubiri njia. Nimekuja kukumbusha deni.

Kesho mkipata nafasi, pandeni kilima cha Makerere. Chuo kile kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 tu. Wote walikuwa wavulana, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Baadaye wakaja vijana kutoka Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Julius Nyerere alisoma pale miaka ya 1940, Mkatoliki kijana, na hapo hapo alianza kuwakusanya wenzake wa Tanganyika wajadili hali ya watu wao. Mimi sikusoma Makerere, nilisoma cheti cha Biblia tu. Lakini kilima kile kimenifundisha.

Mtu akiniuliza kituo cha dini mbalimbali cha Makerere kiko wapi, namwonyesha nyumba tatu. Kuna kanisa la Mtakatifu Fransisko la Waanglikana, kuna kanisa la Mtakatifu Augustino la Wakatoliki, na kuna msikiti wa chuo. Kila nyumba ina ibada yake na hakuna anayemlazimisha mwenzake. Lakini geti ni moja, njia ni zile zile, na ukiteremka upande wa Mulago unakuta bonde moja la Katanga, mtaa wa maskini, ambalo maji yake machafu hayaulizi mtu anasali wapi. Na machozi pia hayaulizi.

Sikieni habari za mwaka 1976. Mwanzoni mwa mwaka ule msichana Mkenya, Esther Chesire, mwanafunzi wa Makerere, alifika uwanja wa ndege wa Entebbe asafiri kwenda kwao. Akapotea, hakuonekana tena. Mwanafunzi wa sheria, Paul Serwanga, akapigwa risasi akafa. Wanafunzi wakaandamana kwa uchungu. Tume ikaundwa kuchunguza, na mama mmoja, Theresa Nanziri Bukenya, msimamizi wa bweni la Africa Hall, alikuwa na ushahidi wa kutoa. Akauawa kabla hajautoa, akiwa mjamzito. Ndugu zangu wa Kisumu, mnaona? Yule msichana alikuwa wa kwenu, na yule mama wa huku akafa katika habari za binti wa kwenu. Ujirani wa kuvuka mipaka haukuanza na ushirika wetu. Ulishalipiwa damu.

Mwaka huo huo wa 1976 viongozi wa Kianglikana, wa Kikatoliki na wa Kiislamu walikaa pamoja kuzungumza juu ya mateso ya raia. Idi Amin hakupendezwa. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa.

Sasa kuna watu wanasema, "Amin alikuwa Mwislamu, kwa hiyo Waislamu ndio walitutesa." Jamani, tusiseme uongo madhabahuni. Shaban Nkutu alikuwa Mwislamu, waziri wa zamani kutoka Busoga, na utawala ule ule ulimuua mwaka 1973. Yule mtu aliua watu wa kila nyumba. Na tukirudi nyuma zaidi, tunaposema Namugongo tunawakumbuka mashahidi Wakatoliki na Waanglikana waliokufa siku za Kabaka Mwanga, wengi wakichomwa tarehe 3 Juni 1886. Lakini miaka kama kumi kabla yao, Kabaka Mutesa aliwaua vijana Waislamu waliokataa nyama ya ikulu kwa sababu haikuchinjwa na Mwislamu. Walikataa kula, wakafa. Mimi na Mwislamu hatukubaliani juu ya mambo mengi ya imani. Lakini kijana anayekufa kwa kukataa kumuasi Mungu kama anavyomjua, siwezi kumdharau.

Mwaka 1977 Amin alipiga marufuku vikundi vya dini zaidi ya ishirini. Makanisa ya Kipentekoste tulikuwa humo. Milango ikafungwa, watu wakaomba manyumbani kwa sauti ya chini. Mzee aliyenibatiza, ambaye sasa amelala katika Bwana, alinisimulia kwamba kikundi chao kilikuwa watu kumi na mmoja. Nyumba waliyokuwa wakiombea ilishukiwa. Wakakosa pa kwenda. Jirani yake alikuwa mfanyabiashara Mwislamu, mwenye stoo ya magunia ya kahawa nyuma ya nyumba. Akamwambia, "Mzee, leteni watu wenu humu. Askari akiuliza, nitasema ni vibarua wangu wanapanga magunia." Wakaombea katikati ya magunia, miezi mingi. Yule bwana hakuokoka. Mzee alimshuhudia mpaka mwisho, na yeye akatabasamu tu, akaendelea kushika funguo. Mzee alikuwa akisema, "Mwanangu, sisi tulikuwa kanisa lililofichwa na Mwislamu. Usilisahau."

Mimi nikalisahau. Naomba niungame mbele yenu.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana mwenye moto na spika mbili kubwa, tulikuwa na kanisa la mabati kule Bwaise. Mnajua Bwaise na mvua. Mwenyekiti wa mtaa akaita watu wote tuzibue mtaro kabla ya masika, na mkutano ukafanyika kwenye baraza la msikiti kwa sababu ndipo palipokuwa na kivuli. Katekista wa Kikatoliki alikuwepo, shehe alikuwepo. Mimi nilifika, nikaona baraza la nani, nikageuka. Nikawaambia vijana wangu, "Tusifungiwe nira isiyo sawa." Jumamosi ya kazi, wao wakashika majembe, sisi tukafungua mkutano wa injili hatua mia moja kutoka pale. Kwa spika niliwahubiria watu waliokuwa ndani ya tope mpaka magotini. Nafikiri hata nilisema wanahangaikia mambo ya dunia.

Kazi haikuisha, watu walikuwa wachache. Kipande kilichobaki kilikuwa upande wetu. Jumanne usiku mvua ikashuka. Maji yaliingia kanisani yakafika kwenye mimbari. Mama mmoja mzee wa kanisa letu, mwenye kisukari, aliyekuwa akilala chumba cha nyuma, alitolewa mgongoni. Nani alimbeba? Kijana wa msikitini. Nilipofika nikikimbia, nilimkuta mwingine, kofia ya kufuma kichwani, na juu ya kofia amebeba kinanda chetu, maji yakimfika kiunoni. Akaniuliza, "Pasta, hiki nikiweke wapi?"

Nilikosa jibu. Nilisimama pale na maji viatuni, nikamkumbuka mzee wangu na magunia ya kahawa. Kinanda kililala msikitini siku tatu kikikauka. Mama yule aliishi miaka sita zaidi, na kila Ijumaa alikuwa akimpelekea mama wa yule kijana ndizi. Alianza kulipa deni kabla mchungaji wake hajajua kwamba lipo.

Wapendwa, andiko nililolitumia ni la kweli. Mimi ndiye niliyelitumia vibaya. Nira ni ya ibada na ya maisha yote. Mtaro si nira, mtaro ni mtaro. Msamaria wa Luka 10 hakumwuliza aliyepigwa kuhusu hekalu lake. Na Yeremia alipowaandikia watu walioko Babeli, aliwaelekeza wauombee mema mji ule wa watu wa dini nyingine, maana wao wenyewe walikuwa wanaishi humo. Mji ukifurika, na kanisa linafurika.

Wenzetu wa Acholi walilielewa hili kabla yetu. Wakati wa vita vya kaskazini, viongozi wa dini waliungana kutafuta amani: Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu na Waorthodoksi. Askofu Macleod Baker Ochola alikuwa amempoteza mke wake kwa bomu la kutegwa ardhini mwaka 1997, na bado alisimama kudai msamaha na mazungumzo. Kila jioni maelfu ya watoto walitembea kutoka vijijini kuja kulala mjini Gulu wasitekwe na waasi. Juni 2003 viongozi hao, akiwemo Askofu Mkuu John Baptist Odama, walichukua mablanketi wakalala nje pamoja na watoto, usiku nne. Wakati ule hawakuwa wakibishana nani ana mafundisho sahihi. Dunia ikaona, ikaanza kuuliza kuna nini Gulu.

Na siku za ukimwi? Canon Gideon Byamugisha, kasisi wa Kianglikana, alisimama hadharani kusema anaishi na virusi. Madaktari Waislamu wakawafundisha maimamu, maimamu wakafundisha misikitini. Sisi wengine wakati huo tulikuwa bado tunasema ni pepo tu. Watu walikufa tukiwa tunakemea. Mwaka 2001 likaundwa Baraza la Dini Mbalimbali la Uganda, na baadaye na sisi tuliookoka tukapata viti. Asante Mungu. Lakini kiti cha juu hakitoshi kama chini, mtaani, kiti chetu ni kitupu.

Kuna ndugu ataniuliza, "Mwinjilisti, tukikaa nao injili haitapoa?" Ni swali zuri. Mimi naona injili ilipoa siku ile ya spika, wakati nilipohubiri upendo na jirani yangu yuko kwenye tope. Tangu nilipoanza kushika jembe pamoja nao, shehe ananiuliza maswali juu ya Yesu ambayo hakuwahi kuniuliza nilipokuwa napiga kelele. Namjibu wazi, naye ananijibu wazi. Hatuchanganyi ibada. Tunachanganya majembe.

Basi naomba kila tawi lirudi nyumbani na mambo matatu. La kwanza, mchungaji ajue jina la imamu, la padre na la mwenyekiti wa mtaa wake, na namba zao awe nazo kabla mvua haijanyesha. La pili, kamati ya mtaro, ya mazishi, ya usalama au ya watoto ikiitwa, mtu wetu awepo, hata kama mkutano uko kwenye baraza la msikiti. La tatu, tukigawa unga au blanketi, tusiufanye chambo. Mpe mtu unga kwa sababu ana njaa. Injili ina nguvu zake yenyewe, haihitaji kusukumwa na kilo mbili za posho.

Tumesherehekea jana na leo kwa keki na ngoma, na ni haki yetu, Bwana ametutoa mbali. Lakini tukihesabu waliotufikisha hapa, tusiwahesabu wachungaji na wamisionari peke yao. Mmhesabu na yule bwana wa kahawa, ambaye jina lake mzee hakuniambia kwa sababu aliahidi kutolitaja. Alikufa akiwa Mwislamu, na funguo zake zilitulinda.

Tusimame tuombe. Kila mmoja amtaje mbele za Mungu jirani mmoja ambaye si wa kanisa letu, kwa jina lake. Kama hulijui jina lake, mwombe Bwana akusamehe, na Jumatatu nenda ukamwulize.