Kumbha ya Ba: Wahindu wa Leicester na Ibada ya Kuingia Nyumba Mpya

Leo nakupeleka Leicester, katikati ya Uingereza, katika mtaa wa Belgrave, ambako si ajabu kumsikia bibi wa Kigujarati akiulizia bei ya mihogo kwa Kiswahili. Wengi wa wazee hao walizaliwa Afrika Mashariki. Mmoja wao, ambaye sote tunamwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati, alinialika kushuhudia jamaa zake wakihamia nyumba mpya.

Kwa Wahindu washikao desturi, nyumba hailaliwi kabla haijaombewa. Ibada hiyo huitwa griha pravesha, maana yake kuingia nyumbani. Wazee wetu wa pwani wangesema kuzindika nyumba. Siku yake haipangwi kwa kufuata nafasi ya lori la mizigo. Maharaji, yaani kasisi, hutazama kalenda ya mwezi na nyota akatafuta saa njema. Mwana wa Ba alikwisha kukabidhiwa funguo mwezi mzima kabla, akawa analipia nyumba mbili. Alinung'unika, lakini alisubiri.

Huko India, aghalabu ng'ombe na ndama wake hutangulizwa kuingia. Belgrave haina ng'ombe. Kilichokuwapo ni torana ya majani ya mwembe juu ya mlango, na kumbha: mtungi wa shaba uliojaa maji, mdomoni umepangwa majani hayo hayo, na juu yake nazi. Mtungi huu hubebwa na mke mwenye nyumba, au msichana, akivuka kizingiti kwa mguu wa kulia. Mjane, kwa desturi ya kale, hutakiwa akae kando.

Na Ba ni mjane. Mara ya mwisho kubeba kumbha ilikuwa mwaka 1971, mjini Jinja, mumewe akiwa ubavuni pake. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Mwezi uliofuata, baraza la mji wa Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huko. Walikuja. Miaka yote tangu hapo, Ba hakukubali nyumba yoyote aliyoishi iombewe. "Ya kupanga hiyo, mwanangu," alikuwa akiniambia. "Yangu iko Jinja."

Vitabu vya Kihindu hutaja namna tatu za kuingia: katika nyumba mpya, katika nyumba iliyoachwa kwa safari ndefu, na katika nyumba iliyopatwa na janga kama moto au mafuriko. Sikuona, katika hizo tatu, iliyo ya nyumba uliyonyang'anywa.

Basi tulipokusanyika mlangoni, mjukuu wake wa kike, aliyepewa kumbha aibebe, aligeuka akamtwika bibi yake. Shangazi mmoja aliguna. Maharaji aliinamisha macho kitabuni, akaendelea kusoma. Ba aliingia.

Ndani, Ganesha aliombwa kwanza, kama ilivyo ada, ili aondoe vizuizi. Kisha akafuata Vastu Purusha. Huyu husimuliwa kuwa kiumbe ambaye miungu walimgandamiza ardhini, kichwa chake kikielekea kaskazini-mashariki, na kila kiwanja kimelala juu ya mwili wake. Anayejenga amemchimba mgongo. Hana budi kumwomba radhi. Ndipo ukawashwa moto wa havani, vijiti na nafaka vikatiwa humo pamoja na samli. Kengele ya moshi ilikuwa imefunikwa mapema kwa mfuko wa plastiki, na maharaji mwenyewe aliikagua mara mbili kabla ya kuwasha kiberiti, kwa uzito ule ule aliousomea sala.

Mwishoni maziwa yalichemshwa katika jiko jipya mpaka yakafurika, ishara ya neema. Mkwe wa Ba aliyatazama yakitiririka juu ya jiko alilolinunua juzi, asiseme neno.

Nyumba iliyokwisha kuombewa haiachwi tupu usiku huo. Vitanda vilikuwa bado havijaletwa. Ba alitandikiwa godoro sebuleni, akakataa kabisa kurudishwa kule kwa zamani, akaomba taa ya samli iachwe ikiwaka karibu naye.