Masikio Yanapolia na Kichwa Kinapozunguka: Tumweleze Tabibu Habari za Vepu

Haya ni maneno yaliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata, tarehe 3 Machi, Siku ya Kusikia Duniani. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuwahi kuhudhuria.



Mmezoea kuniona nimeshika kamera, au nikimpelekea mwingine kipaza sauti. Leo nimetakiwa niseme mwenyewe, wala si kwa sababu mimi ni mtaalamu wa tiba. Nina stashahada ya mawasiliano ya umma, basi. Yale ya kitabibu nitakayoyataja nimeyapitia pamoja na tabibu wetu wa kituo cha afya, naye ameketi pale mstari wa mbele ili anirekebishe nikiteleza. Yaliyosalia ni yangu; yalinipata mimi.

Mwaka juzi, wakati wa masika, nilianza kusikia mlio masikioni. Mwanzoni ulikuja usiku tu, nyumba inapotulia, mwembamba na usiokoma, kama nyenje aliyejificha nyuma ya kabati. Niliwahi kuamka nikamtafuta. Baada ya majuma machache mlio ukawa unanifuata mchana, na juu yake kikaja kizunguzungu. Nilipomweleza mama yangu, aliniuliza swali moja: "Umekunywa kwinini?"

Naona wazee wanacheka. Mnaikumbuka. Aliyepata kutibiwa malaria kali kwa kwinini anajua jinsi masikio yanavyovuma na nyumba inavyozunguka, mpaka mtu anaombwa arudie maneno mara tatu. Kwa wengi hali hiyo hutulia dawa inapomalizika. Basi wazee wetu walikwisha kulifahamu jambo ambalo sisi vijana tunalistaajabia: kitu kinaweza kuingia kwa mdomo, kikapita katika damu, kikaenda kulalamikiwa na sikio.

Kwinini sikuwa nimekunywa. Nilichofanya ni kwenda duka la dawa, nikanunua dawa mseto ya malaria bila kupimwa, nikaimaliza, na mlio ukabaki pale pale. Kisha siku moja nikiwa narudi na pikipiki kutoka kwenye ufunguzi wa mradi wa maji, nimempakia mwenzangu wa ofisini, barabara iliinama upande mmoja kama sinia linalomiminwa. Nilifunga breki, nikashuka, nikakaa chini huku nimeshikilia majani kana kwamba ardhi ingenitupa. Mwenzangu yule ana watoto wawili wadogo. Sitaacha kulifikiria hilo.

Kesho yake nilikwenda kwa tabibu. Akanipima shinikizo la damu, malaria, wingi wa damu na sukari. Akachungulia masikio yote mawili. Hakuona kasoro. Akauliza: "Unavuta sigara?" Nikajibu: "Hapana."

Ukilichukua neno kwa neno, jibu lile lilikuwa kweli. Sigara nilikuwa nimeiacha. Lakini mfukoni mwa suruali yangu, dakika ile ile, kulikuwa na vepu. Niliona haya: mtumishi wa umma, mwandishi wa mabango ya afya, kijana wa watu. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi nilificha, na tabibu yule, ambaye hakuwa na njia ya kuona ndani ya mfuko wangu, akanipa dawa ya kutuliza kizunguzungu na kunirudisha nyumbani. Nikapoteza miezi mitatu.

Kwa wasioijua, vepu ni sigara ya kielektroniki. Kuna inayofanana na kalamu, na kuna iliyo mfano wa kiberiti cha rangi kali. Chombo cha namna hii kama tunavyokijua leo kilibuniwa China na mfamasia Hon Lik mwaka 2003. Ndani yake mna betri, waya mdogo unaopata moto, na kimiminika. Kimiminika hicho kwa kawaida ni glisirini na propilini glaikoli, vikichanganywa na vionjo vya embe, mnanaa au peremende, na mara nyingi nikotini. Tunauita mvuke, lakini hasa ni ukungu wa matone madogo mno yaliyobeba vitu hivyo vyote hadi mapafuni. Haunuki moshi, nguo hazinuki, mama hajui. Ndiyo maana unavutwa hata chooni shuleni.

Sasa hesabu kidogo. Sigara moja ya kawaida humwingizia mvutaji takribani miligramu 1 hadi 2 za nikotini. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 20 katika kila mililita ya kimiminika cha vepu. Ile niliyokuwa nayo mimi iliandikwa asilimia 5, maana yake miligramu 50 katika kila mililita, nayo ilibeba mililita 10. Zidisha: miligramu 500 mfukoni. Si zote huingia mwilini, wala haziingii kwa siku moja. Lakini sigara huisha mkononi ikakuambia imekwisha, na vepu haina kichungi kinachokufikia vidoleni. Nilikuwa nikivuta nikiandika, nikivuta nikihariri picha, nikivuta nikiwa nimelala. Sikuwahi kuhesabu.

Sikio la ndani ni kiungo kidogo kilichofichwa ndani ya mfupa wa kichwa. Sehemu yake moja imejikunja kama konokono, nayo ndiyo ya kusikia. Ya pili ina mifereji mitatu midogo yenye majimaji, nayo ndiyo inayouambia ubongo kama umesimama, umeinama au unageuka. Vyumba viwili, nyumba moja. Ndiyo sababu mlio na kizunguzungu huja mara nyingi vikiwa vimeandamana. Katika ile ya konokono mna chembe zenye vinyweleo zipatazo 15,000 tu, na kwa binadamu chembe hizo zikifa hazioti tena. Nyumba yote hiyo hulishwa damu na mshipa mmoja mwembamba, ambao ukibanwa hauna ndugu wa kuusaidia.

Nikotini hubana mishipa ya damu, huharakisha moyo na hupandisha shinikizo la damu. Ikizidi mwilini huleta kichefuchefu, jasho, mapigo ya haraka na kizunguzungu. Haya ya kuzidi kwa nikotini yanafahamika vema na hayana ubishi. Kuvuta pumzi ndefu mfululizo, kama wavutavyo wengi, nako peke yake kunaweza kukifanya kichwa kiwe chepesi. Kuhusu sigara za tumbaku, tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wavutaji hupungukiwa na uwezo wa kusikia zaidi ya wasiovuta. Kuhusu vepu na mlio wa masikio, hata hivyo, haijathibitishwa kwamba moja huleta lingine. Chombo chenyewe bado ni kigeni, na uharibifu wa sikio huchukua miaka kujitokeza. Kwa hiyo yeyote atakayetoka hapa akatangaza kwamba Afisa Habari amesema vepu inaua masikio, atakuwa amenisingizia. Nasema inashukiwa, na ina njia ya kueleweka ya kufika huko.

Tena mlio wa masikio una wazazi wengi. Nta iliyojaa sikioni huweza kuuleta. Kelele huuleta, na hapa nawatazama wenye mashine za kusaga, mafundi wa kuchomelea na vijana wa spika za harusini. Zipo dawa: kwinini tumeisema, aspirini ikinywewa kwa wingi, na baadhi ya sindano kama jentamaisini na streptomaisini. Kizunguzungu nacho huletwa na upungufu wa damu, shinikizo, njaa, upungufu wa maji mwilini, na maradhi ya sikio la ndani lenyewe. Mimi mwenyewe nilikuwa navaa visikizio masikioni saa sita kwa siku nikihariri video, sauti ikiwa juu. Tabibu hawezi kuchambua kamba hizi zote zilizosokotana ikiwa umemficha mojawapo.

Niliporudi mara ya pili nilikiweka kile kidude mezani kwake. Hakunigombeza. Alikigeuza, akasoma maandishi, akaandika kwenye daftari, akasema: "Hiki tunaweza kukiondoa leo tukaangalia." Alinitaka pia nipunguze sauti ya visikizio na niandike kila siku ni lini mlio umekuwa mkali. Juma la kwanza lilikuwa baya. Nikotini ikiondoka huacha hasira, kichwa kuuma, na wengine hupata hata kizunguzungu kwa siku chache. Mke wangu anaweza kuwasimulia habari za hasira. Baada ya mwezi mmoja kizunguzungu kilikuwa kimekwisha, na hakijarudi. Mlio ulipungua. Haukuisha. Hata sasa ninapozungumza nanyi upo, katika sikio la kushoto, kwa mbali. Huenda ni vepu, huenda ni visikizio, huenda ni vyote viwili, na miezi ile mitatu niliyodanganya siwezi kuirudisha ili nijue.

Ombi langu kwenu ni hili. Ukipata mlio usiokoma au kizunguzungu kinachorudi, anzia zahanati ya kijiji chako kabla ya kwenda duka la dawa. Chukua dawa zako zote unazotumia, za hospitali na za kienyeji. Kama unavuta vepu, shisha, ugoro au sigara, sema bila kusubiri kuulizwa, na kama unacho kifaa, kipeleke; maandishi ya ubavuni yana maana kwa tabibu. Sikioni usitie mafuta ya moto, njiti ya kiberiti wala ufunguo wa pikipiki. Kichwa kikizunguka usiendeshe. Waendesha bodaboda, hili nalisema kwenu nikiwa nimeketi kwenye majani yale: abiria hajui kichwa chako kikoje.

Yapo mambo yasiyongoja kesho. Sikio likiziba ghafla lisisikie, hasa moja, nenda siku hiyo hiyo, kwa maana ipo tiba ambayo hufaa ikiwahiwa na hupoteza nguvu ikicheleweshwa. Kizunguzungu kikija pamoja na uso kupinda, ulimi kuwa mzito au mkono kulegea, huenda ni kiharusi. Hapo hata saa moja ni nyingi. Mlio unaopiga sawia na moyo katika sikio moja, au mlio ulioanza baada ya kugongwa kichwani, nao uonekane mapema. Zahanati ikishindwa itakupa rufaa kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Kwa aliyeacha sigara kwa kutumia vepu, kama nilivyofanya mimi, sikushauri urudi kwenye sigara. Zungumza na tabibu jinsi ya kushuka taratibu. Kwa ambaye hajaanza lolote, sina cha kukushauri zaidi ya kuendelea hivyo hivyo.

Neno kwa wenye maduka. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ilitungwa mwaka 2003, mwaka ule ule chombo hiki kilipobuniwa, na watunga sheria walikuwa wakilifikiria jani la tumbaku. Jirani zetu wa Uganda waliikataza sigara ya kielektroniki katika sheria yao ya mwaka 2015. Sisi tusisubiri kifungu ndipo tujue kwamba mtoto mwenye sare za shule hapaswi kuuziwa nikotini yenye ladha ya embe, tena ikiwa imepangwa kando ya biskuti. Naijua bei yake, na najua kwamba mtoto hapati fedha hiyo kwa kufyeka majani. Na kimiminika chenyewe kiwekwe mbali na watoto wadogo. Kinanukia tunda, na kikinywewa ni sumu.

Nimemaliza. Tabibu atachungulia masikio ya yeyote anayetaka kwenye hema lile la bluu hadi saa kumi jioni, na leo hakuna malipo. Vijana wenye la kuniuliza ambalo hawataki wazazi walisikie, nitakuwa chini ya mwembe kule nyuma, bila kamera. Mje upande wangu wa kulia, ndiyo nitawasikia vizuri.