Hulka si Kosa: Tuwasaidie Vijana Wasizame Katika Huzuni

Leo tuzungumze juu ya ugonjwa wa huzuni unaowapata vijana wetu.

Kila mzazi hapa anajua kwamba watoto wa tumbo moja hawafanani. Mmoja akikaripiwa, huenda kucheza akasahau. Mwingine hata ugali haupiti. Neno la asubuhi bado linamchoma usiku. Hiyo ni hulka, na huonekana tangu utotoni. Si dhambi, wala si ukaidi.

Kijana mwepesi wa kuumia yumo hatarini zaidi, lakini si lazima augue. Mengi hutegemea anavyoyachukua maumivu yake. Wako wanaolicheua jambo moja usiku kucha, kama ng'ombe na majani. Wako wanaomeza yote kimya. Njia zote mbili huikuza huzuni. Na sisi je? Tukimwambia mvulana, "Nyamaza, wewe ni mwanamume," si tunamfundisha kumeza?

Njia bora hufundishika: aseme wazi kinachomuuma, apumue polepole hasira ikipanda, alitazame jambo kwa upande mwingine, amtafute mtu wa kumsikiliza. Hapa Kenya, wanafunzi 413 wa sekondari walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021. Waliofuata mafunzo yaitwayo Shamiri walikutana katika vikundi vidogo mara moja kwa wiki, kwa wiki nne. Walioongoza hawakuwa madaktari, bali vijana waliomaliza shule karibuni. Dalili za huzuni zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Basi mafunzo katika kikundi yanaweza kusaidia, na vikundi tunavyo.

Lakini tuwe macho. Kijana akiwa na huzuni au hasira karibu kila siku kwa wiki mbili, akaacha mpira au kwaya aliyoipenda, usingizi na chakula vikabadilika, tumpeleke kituo cha afya. Akisema afadhali afe, tusimcheke wala tusimwache peke yake. Twende naye hospitali siku hiyo hiyo, na dawa za kunyunyizia mimea tuzifungie mbali naye.

Katika mkutano wenu ujao, jiulizeni: kijana wa kijiji hiki akiumia moyoni, atamwendea nani? Kama hakuna jibu, mchagueni mtu mmoja anayejua kusikiliza na kutunza siri, na vijana waambiwe yuko.