Klorini Ifike Kwenye Kilula: Amiba Huru na Usalama wa Maji Mkoani Singida

Ufafanuzi usituchukulie muda, maana ukumbi huu ni wa watu wa maabara, maji na afya. Amiba huru ni viumbe wa seli moja wanaoishi majini na udongoni bila kumtegemea binadamu, tofauti na yule wa kuhara damu. Naegleria fowleri hustawi kwenye maji ya uvuguvugu yasiyo na chumvi, hupenya puani hadi kwenye ubongo, na wagonjwa zaidi ya 95 katika kila 100 hufa. Acanthamoeba hushambulia jicho na, kwa mwenye kinga dhaifu, ubongo. Naegleria hamdhuru anayemnywa. Hapo ndipo tulipopotea.

Tumepotea kwa sababu upimaji wetu umejengwa juu ya mdomo na kinyesi. Mililita 100 zisipoonekana na E. coli, maji yanaitwa salama. Kipimo hicho hakikosei. Kinajibu swali kililoulizwa. Lakini amiba hawa hawatoki chooni. Wanakula bakteria wanaoota kwenye utelezi wa ndani ya mabomba na matenki, hivyo maji yaliyotoka safi kisimani huweza kuharibikia njiani bila tone la kinyesi. Watafiti wa Uganda waliochapisha matokeo yao mwaka 2016 waliwakuta Acanthamoeba katika eneo la hifadhi ya Queen Elizabeth, kwenye vyanzo vya asili na kwenye maji ya bomba vilevile. Huku kwetu macho yote huelekea maziwa ya chumvi ya Singidani na Kindai, ilhali Naegleria havumilii chumvi nyingi. Wa kutiliwa shaka ni malambo ya mvua wanamoogelea watoto wachungaji, na matenki yetu wenyewe.

Ushahidi wa kutufaa zaidi unatoka Australia Kusini, jimbo kame kama mkoa huu. Watafiti Fowler na Carter walieleza ugonjwa wa ubongo wa Naegleria mwaka 1965, na miji iliyoumia, kama Port Augusta, ilipata maji kwa mabomba marefu yanayopigwa na jua. Kilichowaokoa ni dawa inayodumu hadi mwisho wa bomba. Louisiana, Marekani, baada ya kifo cha mtoto mwaka 2013, iliagiza miligramu 0.5 za klorini kwa lita kila mahali kwenye mtandao. Sasa tazama skimu ya kijiji: pampu ya sola, tenki jeusi la plastiki juu ya mnara, bomba lililofukiwa juujuu, maji ya mgao yanayolala humo mchana kutwa. Joto linalomstawisha amiba ndilo linaloimaliza klorini. Halafu kuna pH. Maji yenye floraidi nyingi, ambayo Singida tunayatambua kwa meno ya kahawia ya watoto, mara nyingi yana pH ya juu, na ikifika 8.5, klorini iliyo katika hali yake kali ya kuua ni kama sehemu moja tu ya kumi. Mwendeshaji akitia kipimo kile kile cha mwenzake mwenye maji ya pH 7, daftari linajaa na maji hayatibiki. Unga wa klorini wenyewe ukiachwa wazi kwenye stoo ya bati hupungua nguvu kabla haujaonja maji. Kidonge kimoja cha DPD kwenye mililita 10 kutoka kilula cha mwisho kingemaliza ubishi: maji yakigeuka ya waridi, dawa imefika; yasipobadilika, haikufika. Ni kazi ya dakika chache. Tumeiandika kwenye mipango mara ngapi?

Watakuwepo wa kusema kwamba hakuna mgonjwa aliyeripotiwa, na kwamba floraidi na kipindupindu vinatutosha. Ugonjwa usiotafutwa hauripotiwi. Dalili zake ni zile zile za homa ya uti wa mgongo, mgonjwa huweza kufa ndani ya siku tano hivi, na kwenye hadubini amiba hufanana na chembe nyeupe. Hujitambulisha akitambaa, na hatambai kwenye sampuli iliyotoka kwenye friji. Kerala, India, ilipoanza kumtafuta kwa makusudi, wagonjwa walionekana na baadhi wakapona. Hoja ya pili ni nzito, ila haipingani nami: klorini inayofika kwenye kilula ndiyo hiyo hiyo inayozuia kipindupindu. Nakiri tu kwamba Acanthamoeba akijifungia kwenye gamba lake huistahimili, kwa hiyo kusugua matenki hakukwepeki.

Kwa heshima ya mamlaka zinazohusika, inapendekezwa klorini ipimwe kwenye kilula cha mwisho na isomwe pamoja na pH na jotoridi. Matenki yasuguliwe na yatiwe kivuli. Maabara za hospitali ziangalie maji ya uti wa mgongo yangali na uvuguvugu. Watoto wakatazwe kupiga mbizi malamboni wakati wa joto. Viongozi wa misikiti washirikishwe mapema, kwa kuwa Karachi wengi waliougua hawakuogelea popote, na kupandisha maji puani wakati wa udhu kumetajwa kuwa njia mojawapo. Maji hayo yachemshwe na kupoozwa, au yawe yamethibitika kuwa na dawa. Na, nikirudia, klorini ipimwe kwenye kilula, si kwenye tenki. Wakala wa maji vijijini, RUWASA, na vyombo vya watumia maji vikiagiza unga wa klorini, vidonge vya DPD viwe kwenye hati hiyo hiyo ya manunuzi, na mzigo usio navyo usipokelewe stoo.