Tusiondoe Seva ya Zamani Kabla Mpya Haijashika Kazi

(Mazungumzo haya yalitolewa na afisa wa huduma za jamii mbele ya wanakamati na makarani wa ofisi za miradi.)



Nimeombwa niseme machache juu ya kubadilisha seva za ofisi, yaani ile ya domeini na ile ya barua pepe. Najua wengine mnajiuliza, mtu wa huduma za jamii anaingiaje katika mambo ya mafundi? Naingia kwa sababu ndani ya mashine hizo mna majina ya watoto tunaowalipia karo, habari za wagonjwa tunaowatembelea, na barua za wafadhili. Zikipotea, fundi ataenda zake nyumbani. Wewe na mimi ndio tutakaoulizwa na mama wa yule mtoto.

Kwanza tuelewane. Seva ya domeini ni daftari la ofisi pamoja na bawabu wake. Asubuhi karani akiandika jina lake na neno la siri, seva hii ndiyo inayosema, "Huyu tunamjua, apite, lakini faili za mishahara asifungue." Seva ya barua pepe ni posta yetu. Sasa, posta hii, ikiwa ni Exchange ya Microsoft, haina daftari lake la watu. Huuliza seva ya domeini. Domeini ikilala, barua nazo zinalala. Kwa hiyo tunaanza na domeini, barua zinafuata.

Mtasema, mbona tubadilishe na bado zinafanya kazi? Ni kwa sababu programu nayo huzeeka. Windows Server 2012 ilifika mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 10 Oktoba 2023. Exchange 2016 na 2019 zilifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimiki siku hiyo, lakini mwanya ukigunduliwa hakuna wa kuuziba kama zamani. Mnamo Machi 2021 wezi walipitia mianya ya Exchange katika nchi nyingi. Hata Mamlaka ya Benki ya Ulaya ililazimika kuzima barua pepe zake kwa muda. Na hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inatutaka tumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 tukijua kwamba habari za watu zimeibwa na wanaweza kudhurika.

Basi tupange hivi:

1. Orodha. Andikeni kila kinachotegemea seva. Msisahau printa, ile skana inayotuma barua, na programu ya mishahara. Hivi ndivyo husahauliwa, kisha mwisho wa mwezi watu hawalipwi.

2. Nakala ya akiba. Haitoshi fundi kusema, "Iko." Mwambieni aifungue kwenye mashine nyingine, mbele yenu, mwone barua na faili zikisomeka.

3. Domeini. Seva mpya iwekwe kando ya ile ya zamani, inakili daftari lote, kisha ipewe zile kazi maalumu tano za domeini. Kompyuta zote zielekezwe kwake. Ya zamani izimwe siku chache tuone kama kuna anayelia. Kukiwa shwari, iwashwe tena na iagwe kwa utaratibu, si kuchomolewa waya tu. Pia mwenye seva ya domeini ya 2012 hawezi kuruka moja kwa moja hadi 2025. Apitie 2016, 2019 au 2022 kwanza. Na kabla ya kununua, fundi ahakikishe programu ya barua inakubaliana na toleo hilo.

4. Barua. Masanduku yahamishwe kwa makundi. Waanze watu wachache wenye subira, wengine wafuate. Fanyeni Ijumaa jioni, wala si Januari shule zinapofunguliwa na barua za karo zinamiminika. Posta ikifungwa kwa saa chache msiogope: kanuni za barua pepe hushauri seva inayotuma iendelee kujaribu kwa siku 4 au 5.

5. Kurudi nyuma. Kubalianeni mapema: mambo yakiharibika, ni saa ngapi tutasema basi, turudi kwa ya zamani, na nani atasema. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Kuna wanaouliza kama heri kukodi huduma ya barua huko nje badala ya kuwa na seva yetu. Ni njia nzuri kwa ofisi ndogo ambayo stima hupotea mara kwa mara. Lakini bila intaneti ya kutegemewa utakwama, na malipo ni ya kila mwaka. Kamati ipige hesabu zote mbili.

Mwisho, maneno ya siri makuu yasikae kichwani mwa fundi mmoja. Yaandikwe, yatiwe katika bahasha mbili zilizofungwa, moja kwa mwenyekiti, moja kwa mweka hazina. Jina la anwani yetu ya barua pepe nalo lisajiliwe kwa jina la ofisi. Fundi ni binadamu, anaweza kuhama au kuugua.

Kabla ya mkutano ujao, kila ofisi ilete ile orodha, na iseme ni lini nakala ya akiba ilijaribiwa. Tutaanzia hapo.

Sasa maswali.