Kinga Ikizidi, Si Heri: Seli Zinazotuliza Vita Mwilini



Mara nyingi tunasikia watu wakinadi dawa za kuongeza kinga ya mwili. Hebu leo tujiulize swali moja: je, kinga ikizidi, ni heri?

Miongoni mwa chembe nyeupe za damu zipo ziitwazo seli T. Hawa ni askari wa mwili, na wana nguvu kweli kweli. Lakini askari akikosa wa kumzuia, humgeukia mwenye nyumba. Wakiua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, mtoto hupata kisukari cha aina ya kwanza. Hapo kinga haikupungua. Imekosa mtu wa kuiambia, "Basi, inatosha."

Mwaka 1995 Mjapani Shimon Sakaguchi alionyesha katika panya kwamba ziko seli T ambazo kazi yake ni kutuliza wenzake. Zinaitwa seli T dhibiti. Mwaka 2001, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani waliitambua jeni iitwayo FOXP3, na miaka miwili baadaye ikabainika kwamba jeni hiyo ndiyo inayoziongoza seli dhibiti. Watatu hawa walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2025.

Jeni hiyo ikiharibika huwaje? Mtoto wa kiume huzaliwa na ugonjwa uitwao IPEX: kuharisha kusikokoma, ukurutu wa ngozi, na kisukari angali mchanga. Asipotibiwa, mara nyingi haishi. Ndivyo seli hizi zilivyo muhimu, ingawa ni chache mno damuni.

Sasa ndugu msomaji, nisikilize hapa. Seli dhibiti haizaliwi imekomaa. Inapitia daraja, kama mtoto anayepelekwa chuoni.

Chuo chake kinaitwa thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Humo, seli T nyingi zinazoushika mwili wenyewe kwa ukali huuawa, na baadhi huwashiwa FOXP3 zikawa dhibiti. Zikitoka huwa changa, tulivu, bado hazijakutana na kazi. Wataalamu huzitambua kwa alama ya CD45RA. Damu ya kitovu cha mtoto mchanga imejaa za namna hii.

Daraja la pili huanza seli changa inapokutana na kile ilichoandaliwa kukitambua. Huamka, huzaana, huivua alama ile, na FOXP3 huongezeka ndani yake. Hapo ndipo nguvu zake za kutuliza zinapodhihirika. Hunyonya IL-2, ambayo ni kama chakula cha askari wengine, huziondolea seli nyingine ishara za kuchochea vita, na hutoa kemikali za kupoza. Lakini hizi zilizokomaa hazidumu, hufa upesi. Kwa hiyo zile changa ndizo akiba yetu, ndizo zinazoziba pengo.

Na kuna kundi la tatu. Mwaka 2009 kundi la Sakaguchi lilieleza kwamba katika damu ya binadamu zipo seli zenye FOXP3 kidogo, zisizo na CD45RA, ambazo hazitulizi chochote, bali hutoa kemikali za kuchochea. Vazi ni la mtulizaji, mwenendo ni wa mgomvi! Ndiyo maana daktari mtafiti hatosheki kuhesabu FOXP3 peke yake; lazima ajue seli iko daraja gani.

Umri nao una neno. Baada ya kubaleghe thaimasi husinyaa, akiba ya changa hupungua, na zilizokwisha kukomaa huwa nyingi kwa kulinganisha. Na utulizaji pia ukizidi una madhara: ndani ya uvimbe wa saratani, seli dhibiti zilizokomaa hujikusanya na kuwazuia askari wasiushambulie. Mizani ndiyo afya.

Basi tuondoke na mambo matatu.

Kwanza, tusiwalaumu wazazi. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hakukipata kwa kulishwa peremende, wala hakurogwa. Na mama aliyempa mwanawe jeni ya IPEX huwa mzima, pengine hana habari kwamba anaibeba.

Pili, mwenye ugonjwa wa namna hii asinunue dawa ya "kuongeza kinga" pasi na kumuuliza daktari. Moto haumwagiwi mafuta.

Tatu, insulini isiachwe. Watafiti wamejaribu kutoa seli dhibiti za mgonjwa, kuzizalisha maabara na kumrudishia, na wengi hupendelea zile changa kwa sababu hushika tabia yake vizuri zaidi. Ni kazi yenye matumaini, lakini haijachukua nafasi ya sindano. Kijana unayetumia insulini, zungumza na daktari wako kabla ya kufunga, na akikukataza usione haya mbele ya wenzako. Nanyi wenzake, msimcheke akila mchana. Mgonjwa ana ruhusa yake.

Nawatakia Ramadhan njema na afya njema.